Tunduma: hukumu hutangulia salamu

Anayeshuka basi Tunduma, mji wa mpaka wa Tanzania na Zambia, hupimwa kabla hajafungua kinywa. Wabadilisha hela humkimbilia huyu na kumwacha yule. Bodaboda hukadiria nauli kwa kumtazama tu mteja, na dalali huamua aanze kwa Kiswahili au kwa Kibemba.

Kasi ya hukumu hiyo imepimwa. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso ngeni kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Muda huo uliwatosha kuamua nani wa kuaminiwa. Walioongezewa muda walizidi kujiamini tu. Hukumu ilibaki karibu ile ile.

Sasa mpakani hapa uso utakueleza nini? Wanyamwanga wanaishi Momba, mkoani Songwe upande wa Tanzania, na wanaishi Nakonde, Zambia. Wajerumani na Waingereza waliwachorea mpaka katikati yao, na leo watu wa ukoo mmoja hubeba pasipoti mbili tofauti. Hakuna pua wala paji linaloonyesha nani wa Songwe.

Linalonitia hofu ni jingine. Songwe iko kwenye njia ya vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kimagendo kwenda Afrika Kusini, na njia hiyo inaua: Machi 2020, maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena la lori mkoani Tete, Msumbiji. Askari wana kila sababu ya kuwa macho. Lakini Mwiraqw wa Mbulu, Mtanzania kamili, anaweza kuwa na sura ambayo jicho lenye haraka litaiita ya Kihabeshi. Akiteremshwa peke yake kwenye kizuizi cha barabarani, basi zima likimkodolea macho, atakaporudi kitini hata jirani aliyekuwa akipiga naye soga atageukia dirishani. Kitambulisho chake kimemsafisha kwa askari, si kwa abiria. Wakati huo huo msafirishaji wa magendo, mwenye sura iliyozoeleka barabarani, anapita bila kuulizwa jina.

Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja, maofisa wa nchi mbili wakikagua hati mahali pamoja. Utaratibu huo wa hati ndio ufuatwe hata kwenye vizuizi vya barabarani: askari, anzeni na kiti cha mbele, mmalizie cha nyuma, kila abiria aonyeshe kitambulisho. Nasi abiria tumsalimie jirani kwanza.