Karatasi Isiyo na Saini ya Jaji: Miji ya Marekani, Wahamiaji na Katiba

Katika miji mikubwa ya Marekani, mabishano kuhusu namna ya kulinda usalama wa wakazi bila kukiuka haki za wahamiaji husimuliwa mara nyingi kana kwamba upande mmoja una huruma na mwingine una sheria. Masimulizi hayo yanapotosha, kwa sababu kiini cha suala hili ni cha kikatiba: ni nani mwenye mamlaka ya kumnyima mtu uhuru wake, na kwa hati iliyotiwa saini na nani.

Miji inayoitwa miji ya hifadhi ni ile ambayo, kwa sheria ndogo za baraza la jiji au kwa amri ya mkuu wa polisi, imewawekea watumishi wake mipaka katika kuuliza hali ya uhamiaji ya mtu au kumshikilia kwa niaba ya serikali kuu. Jina hilo huwafanya wengi wadhani kwamba miji hiyo huwaficha wahalifu, ilhali alama za vidole zinazochukuliwa wakati mtu anapoandikishwa mahabusu hupelekwa kwenye shirika la upelelezi la FBI, ambalo huzifikisha kwa mamlaka za uhamiaji, na meya hana uwezo wa kuzizuia njiani. Wala utaratibu huu haukubuniwa na wanaharakati peke yao. Mwaka 1979 idara ya polisi ya Los Angeles, ikiongozwa na Daryl Gates, mkuu aliyejulikana kwa ukali wake, ilitoa Amri Maalumu Namba 40, iliyowakataza askari kuanzisha hatua yoyote ya kipolisi kwa lengo la kugundua hali ya uhamiaji ya mtu. Hoja yake ilikuwa ya kikazi: shahidi anayeogopa kufukuzwa nchini hafungui mlango polisi wanapobisha, na mwizi au muuaji aliyeonwa na shahidi huyo huendelea kutembea mtaani.

Hofu hiyo ina matokeo mazito. Mwaka 2017 mkuu wa polisi wa Houston, Art Acevedo, alieleza kwamba katika miezi mitatu ya kwanza taarifa za ubakaji kutoka kwa wakazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 40 zikilinganishwa na kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia. Takwimu moja haithibitishi sababu, lakini ni vigumu kuamini kwamba wanawake hao walikuwa salama ghafla kiasi hicho.

Kinga ya miji dhidi ya serikali kuu imo katika Marekebisho ya Kumi ya Katiba, yanayoziachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo Katiba haikuipa serikali kuu. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Washington haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo na kaunti kutekeleza mpango wake. Kesi hiyo ililetwa na masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti wanaochaguliwa kwa kura, waliokataa kuwachunguza wanunuzi wa bunduki, na uamuzi uliandikwa na Jaji Antonin Scalia, mhafidhina mashuhuri. Leo ngao iliyochongwa kwa ajili ya wapinzani wa udhibiti wa silaha ndiyo inayowakinga mameya watetezi wa wahamiaji, na jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kanuni za katiba ni mali ya chama kimoja.

Hata hivyo, jambo linalogusa maisha ya watu kwa karibu zaidi ni ombi la kushikilia, yaani karatasi ambayo shirika la uhamiaji, ICE, hulipelekea gereza la kaunti likitaka mtu aliyepaswa kuachiliwa aendelee kuzuiliwa hadi saa 48. Ombi hilo halitiwi saini na jaji. Hutiwa na ofisa wa uhamiaji mwenyewe. Marekebisho ya Nne ya Katiba, ambayo mahakama huyatumia kwa wahamiaji pia, yanakataza kukamatwa kwa mtu bila sababu za msingi. Mwaka 2008, katika Kaunti ya Lehigh, Pennsylvania, raia wa Marekani mzaliwa wa New Jersey alizuiliwa kwa ombi la namna hiyo ingawa dhamana yake ilikwisha kulipwa. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliamua kwamba ombi si amri, na hivyo kaunti iliyolitii ingeweza kuwajibishwa. Mwaka huohuo, huko Oregon, jaji aliamua kwamba Kaunti ya Clackamas ilikiuka Katiba kwa kumshikilia mwanamke kwa msingi wa ombi hilo tu. Kaunti nyingi zilibadili utaratibu wao baada ya hapo, na zilikuwa na sababu ya haki.

Gharama ya upande wa pili haipaswi kufichwa. Julai 2015 mwanamke kijana aliuawa kwa risasi kwenye gati la San Francisco, na mshtakiwa alikuwa mtu aliyewahi kufukuzwa nchini mara tano, ambaye sherifu alimwachilia miezi michache kabla bila kuiarifu ICE iliyokuwa imemwomba. Baraza la wazee wa mahakama lilimwondolea hatia ya mauaji mwaka 2017, lakini kifo hicho kiliacha swali la haki: kwa nini isipigwe hata simu? Sheria ya California ya mwaka 2017 ilijibu kwa kiasi, kwani inaruhusu taarifa ya kuachiliwa kutolewa kwa waliopatikana na hatia ya makosa mazito.

Ngao ya Printz, hata hivyo, haimkingi meya dhidi ya jimbo lake mwenyewe, kwa kuwa jiji hupata mamlaka yake kutoka kwa jimbo. Texas, kwa sheria ya mwaka 2017, inayataka magereza ya kaunti kutii maombi ya ICE, na sherifu anayekaidi anaweza kupoteza wadhifa wake. Illinois, kwa sheria ya mwaka huohuo, inawakataza polisi wake kumshikilia mtu kwa msingi wa ombi hilo peke yake. Hivyo kitendo ambacho ofisa wa Houston hulazimishwa kukitenda ni kitendo kinachokatazwa kwa mwenzake wa Chicago, chini ya Katiba ileile.