Kidonda Kinachotoa Vipande vya Mfupa: Kabla Hujanunua Dozi Nyingine

Mteja hufika katika duka la dawa, Mlandizi, akiomba vidonge vya kukausha usaha wa mguuni. Kidonda hufunga, na baada ya majuma kadhaa hufunguka tena palepale. Siku moja hutoka kijipande kigumu, cheupe au cha manjano. Wapo wanaosema mgonjwa ametupiwa kitu na mahasidi. Ni mfupa wake mwenyewe.

Mfupa hai hulishwa kwa damu. Vijidudu vinapouingia kupitia jeraha la ajali, au kwa njia ya damu kama itokeavyo zaidi kwa watoto, hasa wenye siko seli, usaha hujaa na kubana mishipa. Sehemu iliyokosa damu hufa. Mwili huula polepole ukingo unaopakana na sehemu hiyo mpaka itengane, huku ukijenga mfupa mpya kuizunguka mithili ya ala. Vipande vidogo husukumwa nje. Kikubwa hubaki kimefungiwa ndani.

Hapo ndipo fedha ya mlaji inapopotea. Dawa husafiri katika damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Vidonge hutuliza sehemu hai iliyo jirani, lakini vijidudu vilivyojificha ndani ya kipande hicho havifikiwi. Dozi ya tatu na ya nne hununua nafuu ya muda tu, na huvizoesha vijidudu dawa.

Antibiotiki ni dawa za kuandikiwa na tabibu. Tunashauri mgonjwa aanzie Kituo cha Afya Mlandizi, aeleze kidonda kimefunguka mara ngapi na ni dawa zipi amekwisha kutumia, kisha aulizie picha ya eksirei na rufaa ya Hospitali ya Tumbi, Kibaha. Picha hizo azitunze, maana ni mali yenye thamani kwa kila daktari atakayemwona baadaye. Kipande kilichochungulia asikivute.

Akiambiwa asubiri upasuaji, asidhani amepuuzwa. Kipande kikitolewa kabla mfupa mpya haujakomaa, mguu waweza kuvunjika. Daktari bingwa huweza kuchelewesha kwa makusudi.

Mtoto mwenye homa anayekataa ghafla kukanyagia mguu hapaswi kusubiri. Apelekwe siku hiyohiyo, kwa kuwa katika siku za mwanzo mfupa ungali na damu, na dawa hufika.