Sauti na Sifa: Waigizaji Mashuhuri katika Filamu za Vibonzo na Sikio la Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Filamu ya vibonzo ni mchezo wa kuigiza ambao mwigizaji wake haonekani. Kinachoonekana ni mchoro, au umbo lililoundwa kwa kompyuta. Kinachosikika ni sauti ya mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni katika chumba kisichoingiza kelele. Mtu huyo hana uso, mavazi wala ishara za mikono za kumsaidia. Yote anayotaka kuyaeleza hana budi kuyaeleza kwa matamshi, kiimbo, mkazo na pumzi. Kwa sababu hiyo filamu ya namna hii yawahusu wataalamu wa lugha na wa fasihi simulizi sawasawa na inavyowahusu wachoraji.

Tangu miaka ya 1990 studio kubwa za Marekani zimeshika desturi ya kuwapa kazi hiyo waigizaji ambao tayari ni mashuhuri kwa nyuso zao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi desturi hiyo ilivyokua, kisha kuipima kwa sikio la pwani ya Kenya, hasa Malindi na Kilifi. Hoja inayotolewa ni kwamba sifa ya mwigizaji ni jambo la biashara, lakini uteuzi wa sauti ni jambo la lugha. Anayewachagulia wanyama wa filamu sauti za Kiswahili huwa amewachagulia pia watoto Kiswahili watakachokiiga.

1. Chimbuko la desturi

Kwa muda mrefu watia sauti wa vibonzo walikuwa mafundi wasiojulikana sura. Mfano bora ni Mel Blanc (1908–1989), Mmarekani aliyewasemea Bugs Bunny, Daffy Duck na Porky Pig. Watazamaji wengi walimjua sungura bila ya kumjua msemaji wake. Watu mashuhuri walitumiwa mara moja moja tu: katika filamu ya The Jungle Book ya mwaka 1967, simbamarara Shere Khan alisemewa na mwigizaji George Sanders, na mfalme wa nyani akasemewa na mwanamuziki Louis Prima.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1992 kwa filamu ya Aladdin, ambamo mchekeshaji Robin Williams alimsemea Jini. Williams hakusoma tu maneno aliyoandikiwa, bali alibuni mengi papo hapo, na wachoraji wakaufuata ulimi wake. Yafaa jambo hili lizingatiwe: katika filamu za Kimarekani aghalabu sauti hurekodiwa kwanza na mchoro hufuata, na kwa hiyo tabia ya msemaji huingia hata katika uso wa mhusika. Williams alikubali ujira ulio chini ya kiwango chake kwa sharti kwamba sauti yake isitumiwe kuuzia bidhaa. Ulipozuka ugomvi juu ya sharti hilo, hakushiriki katika filamu iliyofuata ya mwaka 1994, na Jini akasemewa na Dan Castellaneta. Williams alirudi katika filamu ya tatu, mwaka 1996.

Mfano wa pili ni Toy Story ya mwaka 1995. Mhusika Woody alisemewa na Tom Hanks. Lakini katika vitu vya kuchezea na michezo ya kompyuta sauti hiyo hutolewa na ndugu yake, Jim Hanks, ambaye sauti yake yafanana na ya kaka yake. Hapo yadhihirika kwamba vinavyouzwa ni vitu viwili: sauti yenyewe, na jina la mwenye sauti. Sauti yaweza kuazimwa kwa ndugu, jina haliazimwi.

Mfano wa tatu wafundisha zaidi. Katika Shrek ya mwaka 2001, Mike Myers alikuwa amekwisha kurekodi sehemu kubwa ya maneno yake, kisha akaomba kuyarudia kwa lafudhi ya Kiskoti. Mwigizaji alikuwa yule yule na sifa yake ile ile. Kilichobadilika ni lafudhi, na mhusika akageuka kuwa mtu mwingine. Kwa hiyo hata pale ambapo sifa imelipiwa fedha nyingi, kazi ya kumjenga mhusika hubaki ni kazi ya lugha.

2. Majina ya Kiswahili, sauti za ng'ambo

Filamu iliyoileta habari hii karibu na pwani ya Afrika Mashariki ni The Lion King ya mwaka 1994. Wahusika wake kadhaa wana majina ya Kiswahili: Simba na Rafiki hayahitaji maelezo; Pumbaa latokana na kitenzi -pumbaa; Sarabi ni mazigazi; na Shenzi ni tusi linalojulikana. Sauti, hata hivyo, zilikuwa za waigizaji mashuhuri wa Marekani na Uingereza. James Earl Jones, aliyekwisha kujulikana kwa sauti ya Darth Vader tangu 1977, alimsemea mfalme Mufasa. Jeremy Irons alimsemea ndugu yake mwovu. Whoopi Goldberg alimsemea fisi Shenzi. Naye Robert Guillaume alimsemea Rafiki.

Maneno “hakuna matata” yaliyoenezwa na filamu hiyo yalikuwa yamekwisha kusafiri kabla yake. Yalikuwa sehemu ya lugha ya hoteli za pwani, na mwaka 1982 kikundi cha Them Mushrooms kiliyatia katika wimbo wake “Jambo Bwana”, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Kisarufi maneno hayo hayana kasoro: matata ni nomino ya Kiswahili, na shina lake laonekana katika -tatiza na -tatanisha. Lakini mtu wa Malindi akimtuliza jirani yake angeelekea zaidi kusema “hapana neno” au “haidhuru”. Maneno ya filamu ni Kiswahili cha kumsemesha mgeni, yaani Kiswahili kilichorahisishwa ili kipokewe haraka na asiyekijua.

Filamu hiyo ilipotiwa sauti za lugha ya Kiafrika, lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu. Kiswahili, kilichotoa majina, hakikupewa nafasi hiyo wakati huo. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, Rafiki alisemewa na John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, lakini haikukisogeza Kiswahili mbele ya pale kilipokuwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni vibonzo vya Tinga Tinga Tales, vilivyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Michoro yake ilifuata mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, na kazi ya kuipa mwendo ilifanyika Nairobi. Hata hivyo vilitolewa kwa Kiingereza, na miongoni mwa waliowasemea wanyama alikuwamo mchekeshaji mashuhuri wa Uingereza, Lenny Henry. Basi mkono ulikuwa wa Afrika Mashariki, ngano zilikuwa za Kiafrika, lakini ulimi ulikuwa wa kwingine.

Si haki kusema kwamba sifa na ufundi haviwezi kukaa pamoja. Lupita Nyong'o, Mkenya anayejua Kiswahili, alimsemea mbwamwitu Raksha katika The Jungle Book ya mwaka 2016, na roboti Roz katika The Wild Robot ya mwaka 2024. Katika filamu hiyo ya pili sauti yake huanza ikiwa kavu na ya kukaririshwa, kisha hupata joto kidogo kidogo kadiri roboti anavyojifunza kulea. Huo ni uigizaji wa kiimbo, na ungetambulika hata kama jina la mwenye sauti lingefichwa.

3. Sifa iliyozaliwa na sauti

Katika ngano za pwani mpango ni kinyume cha ule wa studio. Mtambaji ni mmoja na wahusika ni wengi. Anapoita “Paukwa!” na hadhira ikaitika “Pakawa!”, huwa amepewa ruhusa ya kuwa simba, fisi na sungura kwa zamu. Aghalabu simba hupewa sauti nzito ya polepole na sungura sauti nyepesi ya haraka, na tanakali za sauti humaliza kazi ambayo katika filamu hufanywa na mchoro. Sifa ya mtambaji haitangulii hadithi: huzaliwa humo, usiku baada ya usiku, kwa watu wanaomjua na wanaoweza kumkosoa.

Yafaa ieleweke kwamba mpango huo haukufa ilipoingia video. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Kenya DJ Afro amefanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na masimulizi yake yamesikilizwa katika vibanda vya video sehemu nyingi za nchi. Msimulizi huyo huwasemea wahusika wote peke yake, huongeza mizaha, na huwapa mashujaa wa ng'ambo majina mapya. Wako wanaochagua filamu kwa kumfuata yeye, wala si mwigizaji anayeonekana. Basi Afrika Mashariki nayo inao watia sauti mashuhuri, ila umashuhuri wao umetoka kinywani, haukuazimwa usoni.

4. Paa na p'aa

Sasa yaweza kuulizwa: sauti ikichaguliwa kwa sifa tu, lugha hupoteza nini? Mfano mmoja wa kifonolojia watosha. Katika Kiswahili cha pwani ya Kenya vipasuo sighuna vyenye mpumuo hutofautishwa na visivyo na mpumuo. Paa ni la nyumba, lakini p'aa ni mnyama. Kaa ni la moto, lakini k'aa hutembea ufuoni. Tembo hugemwa mnazini, lakini t'embo ni mnyama mwenye mkonga, ingawa wengi wa pwani hiyo humwita ndovu.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Majina mengi ya wanyama yamo katika ngeli ya N, na kiambishi cha nazali kilipodondoka mbele ya vipasuo sighuna kiliacha mpumuo nyuma yake. Kwa maneno mengine, mpumuo ni alama ya ngeli ambayo wanyama wengi wamo. Tahajia ya Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu miaka ya 1930, haiuonyeshi mpumuo, na wasemaji wengi wa bara hawanao. Msomaji wa karatasi hataukuta. Lazima awe nao ulimini. Mwigizaji mashuhuri asiye nao atamtangaza paa wa mwituni, na mtoto wa Malindi aliyelelewa na bibi yake atasikia habari za paa la makuti. Mtoto huyo ataelewa kwa muktadha, bila shaka. Lakini akisikia hivyo kila siku katika sauti inayosifiwa na wote, atahitimisha kwamba anayekosea ni bibi.

Jambo hilo huwa zito zaidi kwa Kigiriama na lugha nyingine za Kimijikenda. Sungura wa ngano za Wagiriama ni Katsungula. Jina lake lina sauti ts, ambayo Kiswahili sanifu hakina, na laanza kwa ka- ya udogo. Kwa hiyo jina lenyewe lamweleza kuwa ni kijitu kidogo chenye hila. Kadhalika mapokeo ya Wagiriama yasimulia kwamba mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alimletea ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, kuku mwenye vifaranga, akamtaka ajaribu kumchukua kifaranga mmoja aone mama atakavyofanya. Kisa hicho chafaa mno kwa filamu ya vibonzo. Kikitengenezwa, sauti ya Mekatilili itachaguliwa kwa kipimo gani? Ikiwa ni jina linalojulikana Nairobi tu, filamu itapata watazamaji na kupoteza ulimi uliolitoa neno lile.

5. Haja ya biashara na haja ya ufundi

Hoja ya upande wa pili haina budi kusikilizwa. Filamu ya vibonzo ni ghali, na jina kubwa hufungua milango ya wafadhili na vituo vya televisheni. Lakini vibonzo vya Ubongo, vilivyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2014 na kuonyeshwa Kenya pia, vyaonyesha njia nyingine. Watoto waliwapenda wahusika wenyewe, kama Akili, msichana mdogo aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro, bila ya kuvutwa kwanza na sifa za wasemaji wao.

Tena kutia Kiswahili katika filamu iliyokwisha chorwa ni kazi yenye masharti yake. Hapo mchoro umetangulia na ulimi hufuata. Maneno mengi ya Kiingereza huishia kwa konsonanti, na mara nyingine midomo hufungwa. Ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tafsiri huwa ndefu, na mtia sauti hana budi kujua mahali pa kukata bila ya kuua kiimbo. Ustadi huo haupatikani kwa kuwa na sura inayojulikana.

Hitimisho

Mambo matatu yaweza kupendekezwa. Kwanza, wanaoomba kazi ya kutia sauti wasikilizwe bila ya kuonekana wala kutajwa majina, kama vile hadhira ya ngano inavyosikiliza gizani. Pili, kila filamu inayochukua visa au majina ya pwani iwe na mshauri wa lugha mwenyeji wa huko, atakayekaa katika chumba cha kurekodi badala ya kuletewa karatasi tu. Tatu, idara za lugha za vyuo vikuu zikusanye sauti za watambaji wa Malindi, Kilifi na Kaloleni wakali hai, zikiwa mifano ya kufundishia watia sauti.

Sifa haikatazwi. Mwenye jina kubwa aliye na ulimi wa mahali pale apewe kazi na alipwe haki yake. Linalokatazwa ni kulichukua jina kuwa badala ya ulimi. Mchoro hauna lugha mpaka upewe, na mtoto anayetazama ndiye atakayeirithi lugha hiyo.