Tangazo kwenye Basi la Shule



Katika vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo, watoto wengi huenda shule kwa miguu. Mabasi ya shule yako zaidi mijini. Lakini huenda siku moja shule ya mtoto wako ikapata basi. Kampuni ikitaka kuchora tangazo lake ubavuni mwa basi hilo, wazazi mtajibu nini? Ni vizuri kufikiri mapema.

Tangazo la biashara ni nini?

Ni maneno au picha za kuwavuta watu wanunue kitu. Mwenye bidhaa hulipa ili tangazo lake lionekane. Jambo hili si geni kwetu. Shule nyingi za Tanzania zimekuwa na vibao vya barabarani vyenye jina la shule pamoja na alama ya Coca-Cola. Shule hupata kibao. Kampuni hupata macho ya watu wote wapitao, na ya watoto kila siku. Hiyo si zawadi. Ni biashara.

Wengine walifanyaje?

Huko Marekani, mwaka 1939, wataalamu walikutana New York wakachagua rangi ya manjano kwa mabasi ya shule. Rangi hiyo huonekana upesi, hata alfajiri. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2016, iliagiza mabasi ya shule yapakwe rangi ya manjano.

Mwaka 1993 shule za mji wa Colorado Springs, Marekani, zilipungukiwa fedha. Zikaanza kuuza nafasi za matangazo kwenye mabasi yao. Majimbo mengine yakafuata, mengine yakakataa. Yaliyokubali kwa kawaida hukataza matangazo ya pombe na sigara.

Faida na hasara

Fedha za tangazo zaweza kununua mafuta na matairi. Hiyo ni faida. Lakini mtoto mdogo hajui kutenganisha tangazo na fundisho. Akiona soda au pipi kwenye basi la shule, huamini kwamba mwalimu amesema ni kitu chema. Jioni atakuomba hela. Tena, picha nyingi zikifunika rangi ya manjano, dereva mwingine hatalitambua basi la watoto upesi.

Fanya kama mwenye shamba

Mtu akitaka kukodi shamba lako, humpi hivi hivi. Unamwuliza atalima nini, atalipa kiasi gani, ataondoka lini. Ubavu wa basi ni kama shamba hilo. Kamati ya shule na iulize:

1. Ni bidhaa gani itatangazwa?
2. Malipo ni kiasi gani, na yatalipwa lini?
3. Mkataba utakwisha lini?
4. Nani atafuta tangazo na kupaka rangi upya?
5. Fedha zitaandikwa wapi, na wazazi watasomewa lini?

Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba kwenye karatasi tusiyoweza kuisoma. Leo unajua kusoma. Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Usipoelewa neno, uliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili darasani

1. Je, kuna matangazo karibu na shule yenu? Yanauza nini?
2. Ni tangazo gani mngelikubali, na lipi mngelikataa? Kwa nini?