GRE: Kukariri msamiati pekee hakutoshi

MHITIMU wa Mumbuni, viungani mwa mji wa Machakos, anayetaka kusomea shahada ya uzamili nchini Marekani huenda akatakiwa kuufanya mtihani wa GRE. Sehemu yake ya lugha ina maswali 27 ya kujibiwa kwa dakika 41 tu.

Wengi hukimbilia kukariri orodha ndefu za msamiati wa Kiingereza. Mbinu hiyo ilifaa zaidi kabla ya Agosti 2011, maswali ya vinyume yalipoondolewa. Siku hizi neno hupimwa ndani ya sentensi. Penye pengo, mtahiniwa atafute kwanza kiunganishi kinachoonyesha iwapo wazo linaendelea au linageuka, kisha abuni neno lake mwenyewe kabla ya kutazama majibu. Swali la mapengo matatu halina nusu alama: akikosa moja, amekosa yote.

Kwa aliyelelewa kwa Kikamba na Kiswahili, Kiingereza kikiwa lugha ya darasani, kusoma makala nzito za sayansi na historia kila siku kutamfaa kuliko kamusi. Asiache swali wazi, kwani jibu baya halipunguzi alama.

Na kabla ya kulipa ada, ambayo si haba, aulize chuo anachokitaka: vingi vimeacha kuulazimisha mtihani huu.