Kutolewa kwa mkopo si kutupwa



Siku niliyopokea barua ya uhamisho kuja Usevya, sikuifurahia. Nilikuwa nimefundisha mjini miaka sita, nimeizoea kwaya yangu na majirani zangu. Nilipofika huku Mpimbwe, mkoani Katavi, nilikaa wiki tatu bila kufungua sanduku langu la vitabu. Moyoni nilisema: nimetupwa.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja wa darasani kwangu. Jioni moja tulikuwa tukizungumzia mpira, akaniuliza, "Mwalimu, hivi Samatta alipotolewa kwa mkopo, alikuwa ameshindwa?" Sikuwa na jibu la haraka.

Wengi tunamkumbuka Mbwana Samatta kwa siku zake kubwa. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe. Mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk. Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 1 akafunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini huku nyumbani tulishangilia kama kombe ni letu.

Kabla mwaka huo haujaisha, alikuwa ametolewa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Baadaye mkopo mwingine, Antwerp. Kisha Genk, klabu aliyoiaga kwa shangwe, akairudia kwa mkopo. Wapo waliosema amekwisha. Mwaka 2023 akaenda PAOK ya Ugiriki, na msimu wake wa kwanza timu ikatwaa ubingwa wa nchi.

Usiku ule nilisoma 1 Samweli 16 na 17. Daudi alipakwa mafuta awe mfalme, lakini hakwenda kwenye kiti cha enzi. Hata alipoanza kumtumikia Sauli, alikuwa akienda na kurudi Bethlehemu kuchunga kondoo wa baba yake. Tungekuwepo, tungemcheka: mfalme gani huyu ananuka zizi? Kumbe ni kule malishoni alikopambana na simba na dubu, na kilichomwangusha Goliathi hakikutoka ghala la Sauli. Kilikuwa kombeo la mchungaji.

Sisemi kwamba kila anayehamishwa atarudi na kombe. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akasema amejifunza kuridhika katika kushiba na katika njaa. Amejifunza, maana yake hakuzaliwa nalo.

Mchezaji wa mkopo ana kishawishi kimoja: kucheza nusunusu, akijiambia hapa si kwangu. Mimi nilicheza hivyo wiki tatu, na waliopata hasara ni watoto wa Usevya ambao hawakunikosea lolote. Asubuhi iliyofuata nilifungua sanduku, nikabeba vitabu kwenda navyo darasani. Yule kijana nikamjibu: hapana, hakuwa ameshindwa. Alikuwa kazini.

Ndugu yangu, sote hapa duniani tuko kwa mkopo, na mwenye mkataba ni Mungu. Hatujui msimu utaisha lini. Popote ulipopangwa leo, vaa jezi ya hapo, ucheze kwa moyo wote.

Jumapili njema.