Wino Husingiziwa

Hapa Mishomoroni, chapa ya fulana ya timu au ya shule inapopasuka, aghalabu lawama huwekewa wino. Nionavyo mimi, wino husingiziwa. Kitambaa ndicho cha kuchunguzwa kwanza.

Wino wa plastisoli huiva kwa joto la nyuzi 160 hivi, na pamba hulistahimili joto hilo. Lakini fulana zinazonyumbuka huchanganywa poliesta na uzi unaovutika kama mpira. Joto likizidi, rangi iliyotiwa katika poliesta hugeuka mvuke na kupenya winoni: maandishi meupe juu ya fulana nyekundu yakawa ya waridi, pengine siku kadhaa baada ya mteja kulipa. Joto likipungua, wino hauivi, na fulana ikivutwa chapa hupasuka.

Dawa ni kutumia wino unaonyumbuka na unaoiva kwa joto la chini, kisha kuchapa fulana moja ya majaribio, kuivuta na kuifua kabla ya kuchapa mzigo wote.

Walimu wa kemia, somo hili mnalo tayari. Lifikisheni karakanani, kwani kijana asiyejua sababu ya hasara yake ataipata tena kesho.